Baada ya kupewa kadi ya CTC: mwongozo kamili wa huduma za umma kwa anayeishi na VVU Tanzania

Wengi wakishapewa dawa za mwezi wa kwanza huona mambo yamekwisha: ni kumeza, kurudi tarehe iliyoandikwa, kumeza tena. Dawa ni sehemu tu ya unachostahili. Nyuma ya lile dirisha la dawa kuna kipimo cha wingi wa virusi, kinga ya kifua kikuu, uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, ufuatiliaji wa mtoto mchanga, ushauri nasaha, ulinzi wa kisheria, na hata njia za kupata mtaji. Huduma nyingi kati ya hizo zimeshalipiwa, kwa kodi yako mwenyewe na kwa fedha za wafadhili. Tatizo ni kwamba hakuna anayekukalisha chini siku moja akakutajia zote. Muuguzi ana foleni inayofika nje ya mlango. Usipouliza, huduma inakupita.

Kwanza ujue nani analipa nini. Dawa za kufubaza virusi, yaani ARV, hununuliwa kwa sehemu kubwa na Mfuko wa Dunia pamoja na serikali, na husambazwa na Bohari ya Dawa (MSD). Watumishi wengi wa ngazi ya jamii, yaani wale wanaokupigia simu ukikosa kliniki, waelimishaji rika na baadhi ya washauri, kwa miaka mingi wamelipwa kupitia mpango wa Marekani wa PEPFAR. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, ni upande huo wa watu uliotikisika zaidi. Hivyo usishangae ukikuta dawa ipo lakini yule dada aliyekuwa anakukumbusha tarehe hayupo tena. Maana yake ni kwamba kazi ya kufuatilia imehamia kwako kuliko zamani, na mwongozo huu umeandikwa kwa kuzingatia hilo.

Hauko peke yako. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikadiria kuwa watu wazima wapatao milioni 1.5 Tanzania wanaishi na VVU, sawa na asilimia 4.4 ya wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Kati ya waliokuwa kwenye dawa, zaidi ya asilimia 94 walikuwa wamefubaza virusi. Dawa zinafanya kazi. Kinachoangusha watu ni mambo yaliyozizunguka.

Thibitisha majibu, kisha jiandikishe

Kama ulijipima mwenyewe nyumbani, majibu yale si ya mwisho. Nenda kituo cha afya ukapimwe upya. Huko damu hupimwa kwa zaidi ya kipimo kimoja, cha aina tofauti, kabla ya mtu kuambiwa ana maambukizi. Kijana wa miaka 15 na kuendelea anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi. Sheria ilirekebishwa hivyo mwaka 2019.

Tangu 2016 utaratibu wa Tanzania ni pima na tibu: ukithibitika unaanza dawa bila kusubiri CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga mwilini, ishuke. Kama uko tayari, unaweza kuanza siku hiyohiyo. Kama hauko tayari, sema. Afadhali uanze baada ya siku chache ukiwa umeelewa kuliko uondoke na chupa utakayoificha kabatini.

Unaandikishwa kwenye kituo cha tiba na matunzo, yaani CTC. Hulazimiki kwenda cha mtaani kwako. Wengi hukimbilia kata ya tatu ili wasikutane na jirani kwenye benchi, na siwalaumu. Ila piga hesabu ya nauli. Kituo cha mbali kinatunza siri mwezi wa kwanza; mwezi wa saba, mfuko ukiwa mtupu, nauli ndiyo inayokutoa kliniki. Kwa maoni yangu, kituo kinachofikika kwa miguu au kwa daladala moja, hata kama si cha mtaani kwako, ndicho bora.

Toa jina lako halisi na namba ya simu inayopatikana. Jina la bandia huleta usumbufu siku ya kuhama, siku ya kulazwa, na siku mtoto anapohitaji kufuatiliwa. Utaulizwa pia jina la msaidizi wa tiba, mtu anayejua hali yako na atakayekukumbusha dawa. Chagua anayeweza kufunga mdomo. Si lazima awe ndugu. Na hapa kuna swali ambalo watu huliacha lipite: je, mtoa huduma anaruhusiwa kukupigia? Kukutumia ujumbe? Kuja nyumbani? Jibu kila moja kivyake, na uhakikishe limeandikwa kwenye faili. Simu unayochangia na mumeo au shemeji si ya kutumiwa ujumbe wa kliniki.

Utapewa kadi yenye namba yako ya CTC. Namba hiyo ina tarakimu 14: mbili za mkoa, mbili za wilaya, nne za kituo, na sita zako mwenyewe. Ipige picha, au iandike kwenye daftari bila kueleza ni ya nini. Kadi ikipotea au ikilowa mvua, namba ndiyo inayokurudisha kwenye kumbukumbu zako.

Siku ya kliniki inavyokwenda

Kwa kawaida foleni huanza asubuhi na mapema. Unaweka kadi yako mezani, faili linatafutwa, unapimwa uzito na presha. Kisha unaulizwa maswali manne ya kifua kikuu: unakohoa, una homa, unatokwa jasho jingi usiku, umepungua uzito? Usijibu "hapana, hapana" kwa mazoea ili foleni isogee. Kifua kikuu ndicho kinachoongoza kuua watu wenye VVU, na maswali hayo ni mlango wa kupimwa bure.

Unaingia kwa daktari au tabibu, halafu dirisha la dawa. Nenda na chupa yako ya zamani hata kama imebaki na vidonge, kwa sababu vinaweza kuhesabiwa. Vikizidi, usidanganye. Mtoa huduma anayejua kuwa unasahau dozi za Jumamosi kwa sababu ya zamu ya usiku anaweza kukusaidia kubadili saa. Asiyejua atakuandikia tu "anameza vizuri", na ukweli utatokea kwenye kipimo cha wingi wa virusi.

Watu wazima wengi sasa wanatumia TLD, kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir, lamivudini na dolutegravir. Mwanzoni utarudi mara kwa mara. Ukishatimiza miezi sita au zaidi kwenye dawa, virusi vikiwa vimefubaa na huna ugonjwa nyemelezi, unaweza kuhesabiwa kuwa mteja mwenye hali thabiti na kupewa dawa za miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Kama umefika hapo na bado unaitwa kila mwezi, uliza kwa adabu: "Mimi sijafikia kupewa za miezi mingi?" Mara nyingine kizuizi ni akiba ya dawa kituoni, mara nyingine ni kwamba hakuna aliyefungua faili lako akaangalia. Vituo vingine vina utaratibu wa kuchukua dawa tu bila kumwona daktari, au wa kuchukulia dawa kwenye kikundi huko mtaani. Ukiwa mkulima msimu wa kupanda, au dereva wa masafa, utaratibu huo unaokoa siku nzima.

Kipimo cha wingi wa virusi ndicho cheti chako

Nikiambiwa nichague jambo moja tu la kumsisitizia mtu aliyeanza dawa, ni hili. CD4 inaeleza kinga yako imesimamaje. Wingi wa virusi, ambao kwenye faili huandikwa HVL, unaeleza kama dawa inafanya kazi. Damu huchukuliwa miezi sita baada ya kuanza, kisha mwezi wa 12, halafu mara moja kwa mwaka ikiwa mambo ni mazuri. Mjamzito na anayenyonyesha hupimwa mara nyingi zaidi.

Fanya hivi. Siku damu inapochukuliwa, andika tarehe. Sampuli husafirishwa hadi maabara kubwa, na majibu yanaweza kuchelewa au kukwama njiani. Ukirudi kliniki, swali lako la kwanza liwe "Majibu yangu ya HVL yamerudi?" Wakikwambia "yako vizuri", omba namba. Chini ya nakala 50 kwa mililita maana yake virusi havionekani. Kati ya 50 na 999 vimeshuka lakini bado vipo, na inafaa kuangalia unavyomeza. Kuanzia 1,000 kwenda juu kuna kazi ya kufanya.

Ukiambiwa 1,000 au zaidi, hujafukuzwa wala hujashindwa. Unapangiwa vipindi vya ushauri wa kina, kwa kawaida vitatu, kimoja kila mwezi, kisha damu inapimwa tena. Vipindi hivyo visiwe mahubiri. Mshauri mzuri atakuuliza unakula nini, unalala wapi, nani hajui, unaficha wapi chupa, unatumia dawa gani nyingine. Virusi vikibaki juu baada ya hapo ndipo suala la kubadili aina ya dawa linapokuja. Ukikuta umerukwa kipimo mwaka mzima, huo si wakati wa kunyamaza.

Na hili lisemwe waziwazi maana ndoa nyingi zinaliishi gizani: mtu anayemeza dawa vizuri na ambaye virusi vyake havionekani hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya kujamiiana. Mwenza asiye na maambukizi anaweza pia kupewa PrEP, dawa ya kinga, hasa miezi ya mwanzo kabla virusi havijafubaa. Kondomu ikipasuka katika kipindi hicho, kuna PEP, dawa ya dharura ya kuzuia maambukizi, lakini ianze ndani ya saa 72; kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kwenye kunyonyesha hatari hupungua sana lakini haifiki sifuri, ndiyo maana mtoto ana utaratibu wake.

Yaliyomo kwenye huduma lakini hayatajwi mpaka uulize

Dawa ya kinga ya kifua kikuu. Kama huna dalili, unastahili kupewa isoniazidi au mchanganyiko wake ili TB iliyolala isiamke. Hutolewa kwa kipindi maalumu, na tarehe ya kumaliza iandikwe kwenye kadi, maana baadaye hakuna anayekumbuka kama ulimaliza.

Septrin, dawa ya kuzuia magonjwa nyemelezi. Hupewa wenye CD4 ya chini au ugonjwa uliofika mbali. Kinga ikipanda unaweza kuachishwa, lakini usijiachishe mwenyewe.

Uchunguzi wa mlango wa kizazi. Mwanamke mwenye VVU yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya saratani hii, hivyo achunguzwe kila mwaka. Kipimo kinachotumika vituo vingi ni cha siki: mlango wa kizazi unapakwa asidi hafifu, na sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Ni dakika chache, na doa dogo linaweza kutibiwa siku hiyohiyo. Pale jengo la CTC linapokuwa mbali na la uzazi, wanawake wengi hupotelea katikati. Omba usindikizwe, au omba karatasi ya rufaa yenye jina la chumba.

Presha, sukari, afya ya akili. Ukianza dolutegravir na ukaona uzito unapanda haraka, sema. Ukikosa usingizi wiki tatu, sema pia.

Mwingiliano wa dawa nao ni wa kuulizia, na hapa ndipo watu wanaomeza kwa uaminifu kabisa wanapopandisha virusi bila kujua. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu hufunga dolutegravir tumboni isiingie mwilini. Meza TLD saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vina tabia hiyohiyo, ila hivyo unaweza kuvimeza pamoja na TLD ukiwa umekula chakula. Mjamzito anayepewa vidonge vya damu chumba kimoja na ARV chumba kingine, mara nyingi haelezwi hili na yeyote. Anayetibiwa TB kwa rifampisini huongezewa dozi ya pili ya dolutegravir, saa 12 baada ya ile ya kwanza. Anayetumia dawa za kifafa au metformini ya kisukari amwambie daktari kabla. Orodhesha kila unachomeza, zikiwemo dawa za miti shamba.

Kuhusu tiba zinazodai kumaliza kabisa virusi: mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha babu, na wapo walioacha ARV baada ya hapo. Leo foleni hiyo imehamia kwenye simu, kwa matangazo ya chupa za laki mbili. Salia, funga, ombewa, ni haki yako. Kidonge kiendelee.

Ukiwa mjamzito, na baada ya kujifungua

Hapa huduma ya umma ya Tanzania iko imara kuliko sehemu nyingine zote, na hapa ndipo kukosa hatua moja kunagharimu zaidi.

Hatua ya kwanza ni kwenda kliniki ya wajawazito mapema, pamoja na mwenza ikiwezekana. Mama akikutwa na VVU anaanza dawa siku hiyo na anaendelea maisha yote. Ndivyo ilivyo tangu 2013. Huhitaji kupanga foleni mbili. Kwa kawaida ARV zako utazipata palepale kliniki ya mama na mtoto hadi hali ya mtoto ijulikane kwa uhakika, ndipo utarudishwa CTC. Kama ulikuwa umepima mapema na huna maambukizi, pima tena miezi ya mwisho ya ujauzito, maana maambukizi mapya wakati wa mimba au kunyonyesha ndiyo yenye hatari zaidi kwa mtoto.

Jifungulie kituoni, na kadi yako iwe kwenye begi la leba. Mkunga akijua, mtoto hupewa dawa ya maji ya nevirapini tangu kuzaliwa, kwa wiki sita. Kama ulianza dawa kwa kuchelewa au virusi vyako viko juu, mtoto huhesabiwa kuwa kwenye hatari kubwa na hupewa dawa zaidi ya moja kwa muda mrefu zaidi. Usiondoke wodini bila chupa hiyo na bila kuonyeshwa kwa macho yako unavuta hadi mstari gani wa bomba la sindano. "Nitaeleza kliniki" haitoshi.

Mtoto akifikisha wiki sita anapimwa. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima hakifai, kwa kuwa mtoto bado amebeba kinga ya mamaye na majibu yatakuwa ya kupotosha. Muuguzi hutoboa kisigino, anadondosha damu kwenye karatasi nene yenye miduara, anaianika ikauke, kisha inatumwa maabara. Kila duara lijae. Karatasi yenye matone hafifu hurudishwa na mtoto anatobolewa upya. Kuanzia wiki hiyo anapewa pia Septrin ya maji. Atapimwa tena miezi tisa, na tena miezi 18 au baada ya kuacha kunyonya, na hapo ndipo jibu la mwisho linatoka. Watoto wengi hupimwa cha kwanza, mama anaambiwa hakuna kitu, anashukuru Mungu na harudi. Jibu la wiki sita halijui kitakachopita kwenye maziwa mwezi wa nane.

Maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Si maji, si uji, si maji ya tumbo kutoka kwa bibi. Baada ya hapo aanze vyakula huku akiendelea kunyonya hadi mwaka na zaidi, mama akimeza dawa zake bila kukosa. Mama mkwe akishangaa kwa nini mtoto hapewi uji miezi mitatu, mwambie tu ndivyo walivyosema kliniki. Ni kweli, na ushauri huo hupewa mama yeyote.

Watoto wakubwa na vijana

Mtoto aambiwe hali yake hatua kwa hatua, kuanzia umri wa shule ya msingi, kwa lugha anayoiweza, si siku moja akiwa na miaka 16 kwa hasira. Omba mshauri awe nanyi. Vituo vingi vina siku ya vijana, mara nyingi Jumamosi ili wasikose masomo, wakikutana kwenye klabu na waelimishaji rika wa umri wao. Mwanao akienda bweni, amua mapema dawa zitakaa wapi na nani shuleni ataambiwa. Mtu mmoja anatosha.

Ukisafiri, ukihama, ukipotea

Safari fupi: omba dawa za kutosha kabla ya kuondoka. Ukiishiwa ukiwa Mbeya na kituo chako kiko Tanga, nenda CTC yoyote na kadi yako; utapewa za kukufikisha nyumbani. Kama huna kadi, chupa tupu na ile namba yako husaidia.

Kuhama kabisa: chukua barua ya uhamisho kutoka kituo cha zamani, yenye aina ya dawa na majibu ya mwisho ya HVL. Ukihama kimyakimya, kituo cha zamani kitakuhesabu mtoro na kipya kitakuanzisha upya kama mgeni, kipimo chako kikaruka mwaka.

Nje ya nchi: Kenya na Uganda nazo hutumia TLD, na kliniki kama CTC huitwa CCC nchini Kenya. Nenda na barua iliyotaja dawa kwa majina kamili. Kwa wanaotafuta kazi Ghuba, fahamu kuwa Oman, Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu hupima VVU katika taratibu za kibali cha kuishi na kufanya kazi, na anayekutwa nayo hukataliwa. Ulizia kabla hujauza shamba kumlipa wakala.

Umeacha dawa miezi, au miaka? Rudi. Utapimwa CD4, na ikiwa iko chini ya 200 unastahili vipimo vya ziada vya TB na vya fangasi wa ubongo kabla mambo hayajaharibika. Unaweza kusemwa kidogo pale mapokezi. Vumilia dakika hizo tano.

Kipi ni bure, kipi si bure

ARV, HVL, CD4, dawa za TB na kinga yake, ushauri, na kondomu havilipiwi kwenye vituo vya umma. Hospitali za mashirika ya dini zenye CTC nazo hutoa ARV bure, ila zinaweza kutoza kufungua faili au kumwona daktari; uliza kabla ya kuketi. Picha ya kifua, vipimo vya figo na ini, kulazwa, na dawa za magonjwa mengine ndipo bili inapochomoza. Sera ya misamaha inawagusa wenye magonjwa sugu kama VVU, lakini msamaha haujitokezi wenyewe dirishani. Unamwona afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ikiwezekana na barua ya serikali ya mtaa au kijiji kuhusu hali yako ya kipato, kabla ya kulipa na si baada. Barua ile haina haja ya kutaja VVU. Kama una bima, itumie kwa hayo ya pembeni.

Nje ya geti la hospitali

Kila halmashauri ina konga, muungano wa vikundi vya watu wanaoishi na VVU (WAVIU) chini ya baraza lao la taifa, NACOPHA. Konga ndiyo sehemu ya kupata wenzako, taarifa, na mtu wa kukusindikiza ofisini. Zanzibar kuna chama cha ZAPHA+ na Tume ya UKIMWI yake, ZAC. Makonga hayalingani: mengine yana miradi hai, mengine yamebaki na muhuri na mwenyekiti. Nenda mkutano mmoja uone.

TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, inalenga kaya maskini. Kuwa na VVU peke yake hakukuingizi. Lakini kama kaya yako ni duni kweli na iliachwa, peleka suala hilo kwenye serikali ya kijiji au mtaa wakati wa utambuzi, usisubiri orodha ibandikwe.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, isiyo na riba, ilirejea 2024 baada ya kusimamishwa 2023: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Hakuna fungu la WAVIU, hivyo kikundi chenu kinaingia kama cha wanawake au vijana, na hakuna anayepaswa kujua zaidi ya hapo. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na katiba ya kikundi, akaunti ya benki, na biashara ambayo tayari imeanza hata kama ni ndogo.

Kazini, nyumbani na mbele ya sheria

Sheria ya kudhibiti UKIMWI ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, isipokuwa katika hali chache kama amri ya mahakama, na inakataza kutoa siri ya majibu na kumnyanyapaa anayeishi na VVU. Sheria ya ajira ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya VVU. Ukiachishwa kazi kwa sababu hiyo, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30 tangu kuachishwa; kwa migogoro mingine una siku 60. Siku hizo hupita haraka wakati ndugu wanakushauri umwachie Mungu. Msaada wa kisheria wa bure upo chini ya sheria ya 2017. Ulizia kwa afisa ustawi wa jamii. Mtumishi wa umma aliyejiweka wazi kwa mwajiri anaweza kuomba msaada wa lishe kupitia bajeti ya ofisi yake.

Sheria hiyohiyo ya 2008 inakutaka nawe umwambie mwenza wako, na inaadhibu kuambukiza kwa makusudi. Kama unaogopa kupigwa au kufukuzwa, usijitose peke yako. Mshauri anaweza kuwaita wote wawili mpime kana kwamba ni mara ya kwanza, mkapata majibu pamoja. Mambo yakiharibika, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na vituo vya mkono kwa mkono, vinavyomhudumia aliyefanyiwa ukatili mahali pamoja kwenye baadhi ya hospitali, vipo kwa kazi hiyo.

Ukikwama

Dawa zimepungua na umepewa za wiki mbili? Uliza lini zitafika na kama kituo jirani kinazo, kabla hujaondoka. Umetolewa siri, umetukanwa, umetozwa kisichotozwa? Anza na mganga mfawidhi wa kituo, siku hiyohiyo, ukitaja tarehe, saa na dirisha. Asipokusikia, nenda kwa mratibu wa UKIMWI kwenye ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, ambaye ndiye anayesimamia CTC zote za eneo hilo. Au pitia konga, kwa sababu malalamiko ya watu kumi hupokelewa tofauti na ya mmoja. Simu ya bure ya Wizara ya Afya ni 199. Andika jina la aliyepokea.